Siku ya Enzi za Kale: Kutoka Remba Hadi Tamasha la Rusinga

Ndugu wasomaji na jamaa zetu wa Pwani, tunawaandikia kutoka mbali kidogo na bahari mliyoizoea. Sisi ni watu wa Mombasa ambao riziki imetuleta Remba, kisiwa kidogo cha mawe kilichomo Ziwa Viktoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay. Huku nyumba za mabati zimeshikana bega kwa bega, na nafasi iliyobaki imechukuliwa na nyavu, mashua na dagaa walioanikwa, ambao wenyeji huwaita omena. Wavuvi na wachuuzi hutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na kinachowaunganisha katika kununua, kugombana na kupatana ni Kiswahili. Tunamshukuru Allah kwa riziki hiyo. Hata hivyo, mzazi yeyote ataelewa tukisema kwamba watoto wetu walikuwa na kiu ya kuona mahali pengine.

Jambo lenyewe lilianza kwa simu. Binti yetu wa miaka kumi aliona picha za watu wa Marekani waliovaa magauni marefu ya kifalme, wengine wamevaa mavazi ya chuma wakichuana juu ya farasi kwa mikuki. Akauliza kama nchi hiyo bado ina wafalme. Tukamweleza kwamba lile ni gulio la kuigiza zamani. Lilianza mwaka 1963 huko Los Angeles, wakati mwalimu mmoja, Phyllis Patterson, na mumewe Ron walipoandaa siku mbili za kuigiza maisha ya Uingereza ya kale ili kuichangia redio ya mtaani. Leo magulio ya namna hiyo yameenea Marekani nzima. Familia hushona mavazi yao, hula vyakula vya kale, na kwa siku moja husahau motokaa na kazi za ofisi.

Zama zinazoigizwa huko ni zile za Mwamko wa Ulaya, yaani karne ya 15 na ya 16 hasa, elimu na sanaa zilipohuishwa upya. Tulimkumbusha binti yetu kwamba mwamko huo haukuzuka wenyewe. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina, al-Qanun, kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Tena tukamwambia kwamba zama hizo hizo zilifika kwetu, ila zilikuja na mizinga. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa, kisha wakaiteketeza Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya fundi wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati, na kuta zake zilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Ngome ambayo watoto wa Mji wa Kale huipita wakienda chuoni ni kazi ya Mwamko wa Ulaya, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtoto alisikiliza yote, kisha akauliza: "Hao wana siku ya kuvaa zamani yao. Yetu sisi tunaivaa lini?"

Swali hilo lilitukalia moyoni. Tungekuwa Lamu, tungemwonyesha wiki ya Maulidi, ambapo pamoja na dhikri na kasida kuna mashindano ya punda, ya majahazi na ya bao. Lakini tuko ziwani. Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kisuba ambaye watoto humwita bibi, ndiye aliyetukumbusha kwamba kila Desemba hufanyika tamasha la utamaduni katika kisiwa cha Rusinga. "Njooni mwaone watu wangu," alisema, "kabla hawajaisha."

Hatukukubali mara moja. Kina mama wenzetu waliuliza maswali ya haki: Je, ngoma zitakuwa za namna gani? Pombe haitakosekana. Sala itakuwaje? Tulikaa tukashauriana. Mmoja wetu akakumbusha Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa nguo yake huku akimwachia atazame mpaka akatosheka mwenyewe. Kutazama mchezo wa halali pamoja na watu wako si upotevu wa wakati. Tukaafikiana masharti matatu: tutakaa upande wa familia, tutaswali kila sala kwa wakati wake, na penye vileo tutapita bila kusimama.

Tuliondoka baada ya alfajiri, ziwa likiwa limetulia kama sahani. Kila mtoto alivaa jaketi la kuokolea, na hatukusikiliza malalamiko ya joto. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi. Lina mawimbi yake na dhoruba zake, na halimjui mwana wa mtu. Baada ya saa kadhaa za mngurumo wa mashine tukaiona milima ya Rusinga, kisiwa kilichoungana na mji wa Mbita kwa daraja.

Kisiwa chenyewe ni darasa. Hapa ndipo Mary Leakey alipogundua, mwaka 1948, fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe anayeitwa Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Hapa pia ndipo alipozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi mwezi Julai mwaka 1969, na kaburi lake hutembelewa hadi leo.

Katika tamasha hatukuona magauni ya kifalme. Tuliona wazee wamevaa ngozi na manyoya kama walivyovaa babu zao, vijana wakishikana mieleka kwenye mchanga, na kina mama wakipakua vyakula ambavyo mijini vimeanza kuonewa haya: ugali wa mtama, mnavu, sagaa, mlenda, na samaki wa kila aina. Samaki alitupunguzia shida kubwa. Nyama tuliiacha kwa kuwa hatukujua mchinjaji, bali samaki hahitaji kisu cha kuchinja, basi tukala kwa furaha sato na omena, na watoto wakaomba waongezewe.

Lakini kilichotugusa zaidi kilikuwa lugha. Wasuba ni Wabantu, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda karne kadhaa zilizopita. Waliishi na majirani zao Wajaluo, wakaoana nao, wakasoma nao, wakafanya biashara nao. Pole pole, watoto wao wakawa wanazungumza Kijaluo. Leo wanaokisema Kisuba vizuri ni wazee zaidi. Wapo wanaopigana kukiokoa: kisiwa jirani cha Mfangano kuna redio ya jamii iitwayo Ekialo Kiona, yaani dunia nzima, inayotangaza kwa Kisuba, na kisiwa hicho hicho kina makumbusho ya Wasuba, pamoja na michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya miamba.

Jirani yetu aliimba pamoja na wazee wenziwe wimbo wa kumpokea mwali. Sisi tulidaka neno moja moja lenye sauti ya nyumbani, kwani Kisuba na Kiswahili ni watoto wa ukoo mmoja. Wajukuu wake walikuwa nyuma yake wakipiga makofi, lakini midomo yao haikusogea. Alipomaliza alimwambia mmoja wao jambo kwa Kisuba, naye mtoto akamjibu kwa Kijaluo. Bibi akacheka, na katika kile kicheko tulisikia kitu kisichokuwa furaha.

Adhuhuri ilitukuta chini ya mti, mbali kidogo na ngoma. Tulitandika mikeka yetu tukatafuta kibla. Ukiwa Mombasa huelekea kaskazini moja kwa moja, lakini huku ziwani ni lazima uiname kidogo upande wa mashariki. Kijana mmoja wa tamasha alituletea ndoo ya maji ya kutawadhia bila kuombwa, akakaa pembeni mpaka tukatoa salamu. Hatukumjua naye hakutujua. Allah amlipe.

Mchana yalifanyika mashindano ya mitumbwi, na ufuo mzima ukawa kelele tupu. Nyuma ya washindani ilipita mashua iliyokunja tanga la pembe tatu, mfano wa yale ya majahazi ya kwetu. Binti yetu akamwuliza baba yake: "Ule mti mrefu unaobeba tanga unaitwaje? Na ile kamba inayolivuta?"

Baba yake, mwana wa nahodha, mjukuu wa nahodha, akatazama. Akafungua mdomo, akaufunga. "Ni mti tu," alisema hatimaye. "Na ile ni kamba."

Tulitazamana. Asubuhi nzima tulikuwa tumewahurumia wajukuu wa watu, kumbe tunda lilikuwa limeshaanguka kwenye uga wetu.

Jioni ile, tulipofika Mbita tulikolala, tulimpigia simu babu yao huko Mji wa Kale. Hasikii vizuri siku hizi, basi ilibidi mjukuu apige kelele. Alipoelewa alichoulizwa alinyamaza kwa muda, tukadhani simu imekatika. Kisha akaanza: ule mti ni foromali, ile kamba ni demani, mbavu za chombo ni mataruma, na ule uti wake wa chini ni mkuku. Alitaja, akaeleza, akataja tena, na sauti yake ikawa ya mtu aliyesimama kwenye chombo. Mtoto aliandika nyuma ya daftari lake la madrasa. Alipofika neno la ishirini na tatu babu alichoka, akasema: "Mengine njooni mchukue wenyewe. Msichelewe."

Ndugu wasomaji, hatusemi kila familia ipande mashua kuja Rusinga, ingawa anayeweza hatajuta. Kwa wenye nia, tunawausia haya. Safirini ziwani asubuhi, kwa maana upepo hupenda alasiri. Msikubali chombo kisicho na jaketi za kuokolea za kutosha, wala kilichojazwa kupita kiasi. Watoto wasichezee maji ya ufuoni, kwa kuwa yana kichocho, na viboko pia wapo. Chukueni maji ya kunywa, mkeka, kanga ya ziada na chakula kidogo mlichokipika wenyewe. Pangeni mapema mahali pa kukutania endapo mtoto atapotea katika umati.

Na kwa mlio nyumbani, siku ya enzi za kale haihitaji tiketi. Chagueni Jumamosi moja, mwende kwa mzee wenu. Mpikeni pamoja chakula alichokipenda utotoni mwake. Binti avae buibui la bibi na aelezwe lilivyofungwa. Kijana aulize majina ya vyombo vya jikoni, ya pepo za kusi na kaskazi, ya sehemu za mlango uliochongwa. Yaandikeni. Marekani watu hulipa fedha ili waione kwa siku moja zamani ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka. Sisi zamani yetu bado imekaa barazani, ina tasbihi mkononi, inangoja tu kuulizwa.

Tumerudi Remba salama, alhamdulillah. Nauli ya kwenda Mombasa tumeanza kuiweka kando, na daftari lina kurasa nyingi zilizo wazi. Tuombeeni tumkute mzee wetu katika afya njema, nasi twawaombea wazee wenu umri mrefu wenye kheri.

Wabillahi tawfiq.