Shaba Hudumaza Mche, Kadimi Hupita Kimya

Metali nzito ni zile metali ambazo uzito wake ni mkubwa ukilinganishwa na ujazo wake, na baadhi yake ni lishe ya mmea iwapo kiasi chake ni kidogo. Jani lenye afya, likishakaushwa, huwa na takriban miligramu 5 hadi 20 za shaba katika kila kilo, na likizikosa, usanisinuru, yaani kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huzorota. Madhara huanza shaba inapozidi, na udongo wa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unayaonyesha waziwazi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi huko mwaka 1911 kilitoa kwa miongo mingi moshi uliobeba shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimi, na upepo ukazimwaga upande wa kaskazini-magharibi, hata katika mtaa wa Penga Penga pakabaki ardhi tupu mahali palipokuwa na miti ya miombo.

Uharibifu huanzia chini, mahali ambapo jicho la mkulima halifiki. Shaba iliyoyeyuka katika maji ya udongo hushambulia ncha ya mzizi, ambapo seli hugawanyika na kurefuka, na huchochea aina kali za oksijeni zinazotoboa utando wa seli hadi potasi ikavuja nje. Mzizi hubaki mfupi, mnene na wa rangi ya kahawia, vinyweleo vyake vikiwa vichache, kwa hiyo mche hukosa maji na fosforasi hata kama vyote viwili vimo shambani. Baadaye majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikiwa bado ya kijani, kwa kuwa shaba nyingi huzuia madini ya chuma yasitumike ipasavyo. Inasikitisha kwamba dalili hizi hufanana na za udongo uliochoka, maana mkulima anayejaribu kuuponya udongo huo kwa mbolea ya amonia huuongezea uchachu, na uchachu ndio unaoziyeyusha metali zaidi.

Hata hivyo, ukatili huo wa shaba una kinga ndani yake, kwa sababu mboga hudumaa au kufa kabla majani yake hayajabeba shaba ya kumdhuru mlaji. Risasi nayo, kwa sehemu kubwa, hunaswa na udongo na mizizi, ingawa vumbi lake huweza kutua juu ya majani. Kadimi ni tofauti kabisa, na ndiyo inayostahili kuhofiwa kuliko zote. Mmea hauihitaji, lakini protini za mzizi zinazosafirisha zinki, chuma na manganizi huipokea kana kwamba ni mojawapo ya hizo, kisha huipandisha hadi kwenye majani na nafaka. Mboga za majani zinaweza kuvuka miligramu 0.2 kwa kilo, kiwango cha juu kilichowekwa na kanuni za kimataifa za chakula, huku zikiwa bado zimestawi. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama nchini Japani, mpunga uliomwagiliwa maji yenye kadimi kutoka mgodi wa Kamioka uliendelea kuvunwa na kuliwa, wakulima wakaharibika figo na mifupa yao ikawa inavunjika kwa urahisi, hadi serikali ilipotambua mwaka 1968 kwamba ugonjwa huo ulitokana na uchafuzi.

Kwa sababu hiyo, tiba ya kawaida ya udongo wenye metali inahitaji uangalifu mkubwa. Chokaa hupunguza uchachu, mboji huishika shaba kwa nguvu, na mizizi ya lenga-lenga, kama mchicha unavyoitwa Lubumbashi, huanza tena kurefuka. Lakini kadimi haishikwi na mboji kwa nguvu kama shaba, na sehemu yake inayobaki katika maji ya udongo hukuta sasa mmea wenye mizizi mizima na majani mapana ya kuipokea. Bustani iliyopona shaba hupoteza pia ile njano iliyokuwa ikimwonya mwenye shamba, kwa hiyo majani yenyewe hayana budi kupimwa maabara kabla hayajafika sokoni, na pale yanapozidi kiwango, ni afadhali eneo hilo lipandwe mahindi, ambayo punje zake kwa kawaida huhifadhi kadimi kidogo kuliko majani ya mboga.