Barua Moja Haijasomwa, na Huioni?

Umemaliza chuo, uko kwa nyumba pale Mukuyu, Murang'a, na maombi yako ya kazi yameshafika Nyeri hadi Nairobi. Thunderbird kwenye laptopu inasema kuna barua pepe moja haijasomwa. Unafungua, hakuna kitu. Usipuuze, huenda ni mwaliko wa intavyuu.

Anza na folda ndogo na ile ya spamu, maana kichujio hupeleka barua huko bila kukuuliza. Ukikosa, basi huenda hesabu yenyewe ndiyo imeharibika: faili ya .msf, inayotunza orodha ya folda, imevurugika. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, halafu Repair Folder. Ukitumia IMAP orodha itapakuliwa upya, kwa hivyo tafuta waifai kwanza. Bando ni pesa.

Balaa kubwa zaidi ni barua inayojitia alama ya kusomwa eti kwa sababu ulipita juu yake tu. Ingia kwa Settings, uiambie isubiri sekunde 5. Na kama simu bado inang'ang'ana kwamba hujasoma ulichosoma kwa laptopu, angalia aina ya akaunti: POP haiipashi seva habari hiyo, IMAP huipasha.