Makuta ya dekonti, mti wa noix na karanga ya wamama

Mwezi wa tano wa mwaka juzi, ndugu mmoja tuliyetumika naye karibu miaka kumi na minane alikuja kunitafuta kwa nyumba, jioni, na bahasha chini ya kwapa. Kampuni ilikuwa imefunga poste yake na alikuwa amekwisha kupata dekonti. Nilifikiri bahasha ni ya makuta. Hapana. Ilikuwa karatasi yenye picha ya mti mkubwa wa kivuli, mti wa noix, ile ambayo Kiswahili cha vitabu kinaita jozi. Mtu mmoja alimwambia: panda hektari moja, miti 100, kaa chini, ngojea. Bei ya mche mmoja tu ilikuwa ya kushangaza. Yeye alitaka kuweka nusu ya dekonti yake mule. Alikuja kwangu juu mimi ni delege wa sendika, na delege, tunajua wote, anaulizwa kila kitu, hata mambo ya ndoa.

Sikutaka kumcheka. Katika miji yetu ya migodi watu wazima wanakumbuka miaka 2003 na 2004, wakati watumikaji zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango wa départs volontaires, uliolipiwa na Banque mondiale. Kila mtu alikuwa na wazo: taxi, duka, shamba. Baba mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alichagua shamba, na alilima vizuri kabisa, mtu wa nguvu. Mahindi yalijaa nyumba. Lakini hakuwa ameuliza mbele nani atanunua, kwa bei gani, siku gani. Wadudu walikula sehemu, wandugu walikula sehemu, na iliyobaki aliuzisha kwa wafanyabiashara waliokuja na camion yao, kilo yao na bei yao. Makuta ya miaka ishirini ya mgodi yaliisha katika misimu miwili.

Basi nilimwambia yule ndugu: tuulize kwanza. Tulianza na mti wenyewe.

Mti wa noix ni mti wa inchi zenye baridi ya kweli. Majani yanaanguka, mti unalala, na lazima upate mamia ya saa za baridi, chini ya digri 7 hivi, ili uamke vizuri na kutoa maua. Kwetu Katanga, mwezi wa sita na wa saba, tunavaa koti asubuhi, ni kweli. Lakini saa sita jua linapiga na koti linabaki kwa mkono. Mti utaota labda, utatoa kivuli. Mazao ya kuuzisha ni hadithi ingine. Na hata kule kwenye baridi, mti uliounganishwa vizuri unaanza kuzaa kidogo baada ya miaka mitano au sita, na mavuno ya kulisha nyumba yanangoja karibu miaka kumi. Dekonti gani inangoja miaka kumi?

Hata hivyo nilisoma habari za watu wa Grenoble, Ufaransa, na nilikuta mambo ya kutusaidia. Zamani wakulima wa bonde la Isère waliishi kwa mizabibu na kwa vidudu vya hariri. Katika karne ya 19 ugonjwa uliua vidudu vya hariri, kisha mdudu anayeitwa phylloxera akala mizizi ya mizabibu. Kazi mbili zikafa moja nyuma ya ingine. Ndipo walipopanda noix kwa wingi. Mwaka 1938 walipata sheria inayolinda jina lao: mfuko hauandikwi « Noix de Grenoble » kama noix haikutoka eneo lile, na lazima iwe ya aina tatu, Franquette, Mayette au Parisienne. (Mkoa huohuo wa Isère ulikuwa na mgodi wa makaa, La Mure, uliofungwa mwaka 1997. Kwa hiyo wao pia wanajua shimo likifungwa inakuwa namna gani.)

Wale hawauzishi noix kama inavyoanguka chini. Wanaiosha, wanaikausha mpaka maji yake yasipite asilimia 12, wanaipima kwa ukubwa. Ikivunjwa, kiini kinachambuliwa: nusu nzima, nyeupe, bei ya juu, ni ya kupamba keki, vipande ni vya mkate na biskuti, vile vilivyovunjika zaidi vinaweza kwenda kukamuliwa mafuta. Mnunuzi wa keki hanunui mfuko mmoja na mnunuzi wa mafuta. Na pamoja na akili ile yote, mwaka 2022 bei iliwaangukia mpaka chini ya gharama yao, juu noix za California, za Chile na za kwao wenyewe zilijaa soko. Jina peke yake halilishi mtu.

Siku iliyofuata tulivaa vizuri, mimi na ndugu yangu, tukazunguka mjini siku mbili. Boulangerie, patisserie, hoteli, wamama wanaosaga karanga ya kupakaa mkate, wale wanaokaanga na kufunga kwa vifuko vidogo vya mbele ya shule na ku parkingi. Kwa kila mlango tuliuliza maneno mawili tu: unanunua noix? na unakosa nini? Patissier mmoja alitujibu bila kuacha kazi yake: « Noix? Ile tunaleteaka ya inje, kilo kidogo, mwezi wa kumi na mbili. Lakini karanga safi, ya kipimo kimoja, kila mwezi, njo ile nakosaka. »

Karanga! Wamama zetu wote wanajua karanga. Sombe bila karanga ni sombe ya nani? Tulitoka pale tukicheka. Hatukujua bado kwamba neno la kazi halikuwa « karanga ». Lilikuwa « safi », lilikuwa « kipimo kimoja », lilikuwa « kila mwezi ».

Wamama kumi na wawili, wake wa watumikaji na wajane wawili, walilima hektari nne msimu ule. Mke wangu alikuwa ndani. Kulima hakukuwa shida. Tulipanda mvua ilipokaa vizuri, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, juu ukichelewa vidudu vidogo vya majani vinaleta ugonjwa wa rosette, mmea unakuwa mfupi na wa manjano, na haizai. Tulipanda karibu karibu kwa sababu hiyo hiyo. Hektari moja inaomba kilo 80 hivi za mbegu iliyotolewa maganda, na mbegu hiyo njo gharama kubwa ya kwanza, si jembe. Tulitia JL 24, inayokomaa kwa siku 90 na kitu. Iko pia Chalimbana, inayojulikana sana kwa majirani zetu wa Zambia: mbegu kubwa, nzuri kwa kukaanga, lakini inakaa udongoni karibu miezi mitano. Kama mvua yako inakatika mapema, achana nayo.

Mavuno yalifika mwezi wa tatu. Kwa mkulima wa jembe, kilo 800 za karanga na maganda yake kwa hektari si mbaya; ukimenya, kila kilo 100 zinakupa 65 mpaka 70 za kula. Tulikuwa wenye furaha. Tulipeleka viloba kumi kwa mnunuzi mmoja wa mjini, nisiyemtaja. Alifungua, akanusa, akamwaga kwa meza, akarudisha sita.

Hapo nilijifunza kitu ambacho shule haikunifundisha. Kwa kumenya haraka, wamama walinyunyiza maji juu ya maganda ili yalainike na vidole visiume. Wote wanafanyaka hivyo, mama zao walifanya hivyo. Maji yale yaliingia, karanga ikawekwa kwa kiloba cha plastiki kisichopumua, kuvu ikaanza. Kuvu ile, ingine ya manjano, ingine ya kijani, inaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Haina ladha ya kukuonya kila wakati, na kukaanga hakuiondoi yote. Inaharibu maini, mtu anayeila miaka mingi anajiweka katika hatari ya kansa ya maini, na watoto inaweza kuwazuia kukua. Mwaka 2004, nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Ulaya karanga ya kula moja kwa moja haiingii ikipita mikrogramu 4 za sumu hiyo kwa kilo. Mikrogramu ni sehemu ya milioni moja ya gramu, basi hesabuni wenyewe.

Viloba sita vile, nusu ya wamama walitaka viuzishwe kwa meka ku soko dogo, usiku usiku. Tulibishana mpaka saa nne. Mmoja wa wajane ndiye aliyekata maneno: wanaonunua ku soko dogo ni watoto wetu wenyewe. Tulivichoma. Mke wangu hakusema na mimi siku mbili, juu ni mimi nilileta mambo haya ya patissier.

Msimu wa pili tulibadilisha kazi ya nyuma ya shamba, si shamba. Ndugu yetu wa dekonti aliingia hapo. Hakutoa nusu ya makuta yake, alitoa sehemu ndogo: baché za kukaushia, mbao za kuinua viloba juu ya sima, mashine ya mkono ya kumenya, na miezi sita ya kodi ya depo. Karanga iling'olewa, ikageuzwa maganda juu, ikapata jua, kisha ikamaliziwa juu ya meza za mbao, mbali na udongo. Ukitikisa ganda na karanga inalia ndani, umefika karibu. Ukiuma na inavunjika kwa mlio bila kupindana, umefika. Hakuna tone la maji kwa kumenya. Viloba vya plastiki tuliviacha, tukatafuta magunia yanayopumua.

Tena hatumenyi yote kwa mara moja. Karanga inalala vizuri ndani ya ganda lake. Ikishavuliwa, wadudu na kuvu wanaipata upesi. Kila mwisho wa mwezi tunamenya ile tu ambayo imeombwa. Wamama wanakaa kwa meza, wanachambua: ile kubwa na nzima ni ya kukaanga na ya patissier, ya wastani na iliyopasuka lakini safi ni ya kusaga, iliyokunjamana, yenye doa, yenye kuvu, inatoka na hairudi, hata kwa kuku. Kazi ile inachosha macho. Lakini kwa meza ile makuta yanatoka mengi kuliko kwa shamba, na wamama waliona wenyewe kwa daftari.

Patissier wetu anachukua kilo 50 kwa mwezi. Zidisha kwa 12: kilo 600. Baada ya kumenya na kuchambua, hektari moja haimtoshelezi. Mnunuzi mmoja tu! Kwa hiyo tunawaambia wanaotaka kuanza: andikeni kwanza kilo za mnunuzi, kisha hesabuni hektari kwa kurudi nyuma.

Sasa neno la sendika, na hapa naweza kukasirika kidogo. Migodi yetu ina kantini zinazolisha watu mamia kila siku. Sheria ya sous-traitance ya mwezi wa pili 2017 inasema kazi hizo ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Vizuri. Lakini sheria haisemi kwamba yule mwenye kantini lazima anunue karanga, maharagwe au mboga kwa familia za watumikaji, na wengi wanajaza camion inje ya inchi. Code minier ya 2018 inaomba pia kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale inapochimba, na isaini cahier des charges nao. Katika mikutano ile watu wanaomba madarasa na visima, na ni haki. Nani ameomba hangari ya kukaushia? Nani ameomba kipimo cha unyevu, kifaa kidogo cha kushika kwa mkono? Madelege wenzangu, tunapokaa kwa meza, tuombe hayo pia.

Na muombe maandiko juu ya malipo. Kantini moja ilitupa oda nzuri, lakini inalipa nyuma ya siku 60. Mama aliyeleta kiloba chake hawezi kumwambia mtoto angoje siku 60 ndipo ale. Tulikataa oda ile, na iliuma. Tuko karibu kuandikisha koperative kwa sheria ya OHADA. Watu watano wanatosha kwa ile ya namna ndogo, sisi tuko kumi na watatu pamoja na ndugu yetu. Tukiwa na karatasi ile tutaweza kufungua konti, na labda kukopa ya kungojea zile siku 60. Labda. Mimi sikopi mpaka nione riba kwa maandiko.

Ndugu yetu bado ana makuta yake mengi, na bado ana karatasi ya mti wa noix, imebandikwa kwa ukuta wa depo juu watoto wanapenda picha. Mbegu ya msimu huu imeshachambuliwa, kilo 400, kwa hektari tano. Tunangoja mvua. Anayetaka kuona namna meza ya kuchambua inatumika, apite juma mosi asubuhi kwa ofisi ya sendika na aulize wamama wa karanga. Aje na mikono iliyonawa.