Mti na Tufani

Masika yakifika pamoja na pepo kali, wengi wetu huutazama mti ulio karibu na nyumba na kujiuliza: Je, utasimama? Yafaa tujue sababu zake, kwa maana kujua huku kwaweza kuokoa watu.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu iliipiga Unguja. Merikebu za Seyyid Barghash zilizama bandarini, na mashambani mikarafuu na minazi iling'oka kwa wingi mno. Pemba iliokoka kwa sehemu kubwa. Na kwa kuwa mkarafuu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa vyema, Pemba ikatangulia katika karafuu.

Basi, mti huangushwa na nini? Kwanza ni mwendo wa upepo. Ukizidi mara 2, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara 4. Pili ni kichwa cha mti. Mkarafuu una majani yaliyosongamana mwaka mzima, nao hushika upepo kama tanga lililotwekwa. Mnazi hauna matawi. Makuti yake hukunjana na kuufuata upepo, na shina lake lenye nyuzi hupinda lisivunjike upesi. Walakini upepo ukipita kiasi, mnazi nao huanguka, kama ilivyoonekana mwaka ule. Tatu ni udongo. Ukiloa sana hulegea, na mizizi hukosa pa kushika.

Tena mti mchanga utikiswao na upepo hunenepa shina na kuimarisha mizizi. Uliokua katikati ya wenzake huwa mrefu na mwembamba, kwani wao waliukinga. Wakikatwa, ukaachwa peke yake, mara nyingi huanguka.

Kwa hiyo tusikate mizizi tuchimbapo msingi wa nyumba au choo. Matawi makavu tuyaondoe, lakini tusiukate mti kilele chote, maana machipukizi yaotayo hapo hushika kwa udhaifu. Tukiona ardhi imepasuka upande mmoja wa shina, au uyoga umeota penye mizizi, au mti umeinama ghafula, tusingoje. Watoto wasilale upande ule wa nyumba hata mti uondolewe.

Twajua ni vigumu kuukata mti uliopandwa na babu. Lakini kivuli chaweza kupandwa tena, mtoto hapandwi.