Leseni za Programu na Faragha ya Nyumbani

Mtu anunuapo kitabu, kitabu huwa mali yake. Aweza kukiazimisha, kukiuza au kuwarithisha wanawe. Anunuapo programu ya kompyuta, mara nyingi hapati mali bali hupata leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Ili masharti hayo yafuatwe hutakiwa mwangalizi, na mwangalizi huyo hukaa ndani ya kompyuta ya mnunuzi mwenyewe. Hapo ndipo haki ya mwenye kazi iligusapo faragha ya nyumba.

Maneno siri na faragha, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, hayana maana moja. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni hali ya kuwa peke yako; shina lake katika Kiarabu lahusu utupu, mahali pasipo mtu mwingine. Kwa hiyo mtu asiye na siri yoyote bado ana haja ya faragha.

Tofauti hiyo yadhihirika katika kisa cha kampuni ya Sony BMG. Mwaka 2005 kampuni hiyo iliuza huko Marekani diski za muziki, albamu zaidi ya 50, zilizotiwa programu iitwayo XCP, kazi ya kampuni ya Kiingereza, First 4 Internet. Mnunuzi alipoitia diski katika kompyuta yenye Windows alionyeshwa mkataba wa leseni, akatakiwa kuukubali. Akiisha kukubali aliweza kusikiliza muziki na kufanya nakala chache tu. Lakini iliingia pia sehemu ambayo mkataba haukuieleza: ilijificha ndani ya mfumo, ikaficha na kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama $sys$. Tena, diski ilipochezwa, programu ilipeleka kwa kampuni, kwa njia ya intaneti, habari ya kuitambulisha diski hiyo.

Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich alitangaza aliyoyakuta katika kompyuta yake. Haukupita muda, watungaji wa programu za uharibifu wakazipa zao majina yenye alama ile ile, zipate kufichwa pia. Pazia la kulinda muziki likawa maficho ya wezi. Mwezi wa Novemba diski ziliondolewa madukani, na jimbo la Texas likaishtaki kampuni. Januari 2007 kampuni ilipatana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kubadilisha diski, na kulipa hadi dola 150 kwa mtu ambaye kompyuta yake iliharibika alipojaribu kuiondoa programu.

Yaweza kudaiwa kwamba mnunuzi alikubali mwenyewe. Lakini katika desturi ya Waswahili mgeni hupiga hodi, na neno karibu humhusu yule aliyejitaja mlangoni. Halimhusu aliyejibanza nyuma yake. Aliyesikiliza nyimbo alizozinunua kwa halali hakuwa na siri. Hata hivyo faragha yake iliondolewa. Mwenye siri alikuwa muuzaji.

Basi wafasiri wa mikataba hii kwa Kiswahili wana wajibu mzito. Neno nakubali halitoshi kuwa idhini mpaka maneno yaliyolitangulia yataje waziwazi ni nini kiingiacho, kitapeleka habari gani, kwa nani, na kitatolewaje.