Watafiti Wanapoomba Washiriki wa Majaribio ya Tiba: Kamati ya Usharika Iulize Nini?

Katika Kanda ya Ziwa si jambo geni kamati ya usharika kuletewa ombi la namna hii: watafiti wa afya wanatafuta watu wa kushiriki katika jaribio la dawa, chanjo au chandarua, na wanaomba tangazo litolewe baada ya ibada. Wapo wajumbe wanaofurahi, kwa kuwa watu watapimwa bure. Wapo wanaoogopa, kwa kuwa wamesikia kwamba damu inayochukuliwa inakwenda kuuzwa. Makala haya yanaeleza jaribio la tiba ni nini, limetuletea nini sisi wakazi wa mwambao, na mambo ambayo kamati inapaswa kuyajua kabla ya kusimama mbele ya washarika.

Jaribio la tiba ni nini?

Jaribio la tiba ni utafiti unaofanywa kwa watu ili kujibu swali ambalo bado halina jibu. Mganga wa zahanati hutoa dawa ambayo tayari inajulikana kuwa inafaa. Mtafiti anatafuta kujua kama kitu kipya kinafaa, au kati ya vitu viwili kipi ni bora zaidi. Kwa sababu hiyo washiriki hugawanywa katika makundi, na mgawanyo hufanywa kwa kura, si kwa kuangalia nani anaumwa zaidi au nani anafahamiana na mtafiti. Kundi moja hupata kitu kipya. Kundi jingine hupata huduma ya kawaida au, pale inaporuhusiwa, kidonge kinachofanana na kile kipya lakini kisicho na dawa ndani. Kura huyafanya makundi yafanane, ili tofauti itakayoonekana mwishoni iwe imetokana na dawa yenyewe.

Ni muhimu jambo hili lieleweke mapema. Anayejiandikisha katika jaribio hajaahidiwa kupona. Anasaidia kutafuta jibu, na jibu hilo huenda likawafaa wengine kabla ya kumfaa yeye.

Matunda ya majaribio katika mwambao wetu

Mkoa wa Mwanza una historia ndefu katika kazi hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na Chuo cha Afya na Magonjwa ya Tropiki cha London walifanya utafiti katika jamii 12 za vijijini. Katika jamii 6, wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri zaidi na wakapatiwa dawa za kutosha. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii hizo, na asilimia 1.9 katika jamii za kulinganisha. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1995 na kusomwa dunia nzima. Hata hivyo, utafiti wa Rakai, nchini Uganda, ambako watu walitibiwa kwa pamoja bila kujali kama wana dalili, haukuonyesha upungufu kama huo. Ndiyo maana utafiti mmoja hautoshi.

Mfano wa karibu zaidi ni vyandarua vya Misungwi. Mbu wengi walikuwa wamezoea dawa inayotumika katika vyandarua vya kawaida. Mwezi Januari 2019, NIMR Mwanza, chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi na wenzao wa nje waligawa vyandarua zaidi ya 147,000 vya aina 4 katika maeneo 84, kila eneo likipangiwa aina yake kwa kura. Hakuna eneo lililoachwa bila chandarua. Kundi la kulinganisha lilipata kile cha kawaida. Baada ya miezi 24, watoto waliokutwa na malaria katika maeneo ya chandarua cha kawaida walikuwa asilimia 45.8. Katika maeneo ya chandarua kilichoongezewa dawa ya klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chandarua hicho kitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Wasichana wetu nao wametoa mchango. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi. Walipewa dozi 1, 2 au 3. Baada ya miaka 2, karibu wote waliopata dozi moja tu walikuwa bado na kinga katika damu dhidi ya kirusi kinacholeta sehemu kubwa ya saratani hiyo. Mwaka 2022 WHO ilikubali utaratibu wa dozi moja, na Tanzania ikaanza kuutumia mwaka 2024. Mzazi wa leo anayempeleka binti yake mara moja badala ya mara mbili anafaidi kazi ya wasichana hao.

Jibu la "haifai" nalo ni jibu

Si kila jaribio huleta habari njema. Wanawake 821 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wengi wao wakifanya kazi katika baa, migahawa na nyumba za wageni, walishiriki utafiti wa dawa ya malengelenge ya sehemu za siri, asikloviri, ili kuona kama ingepunguza maambukizi ya VVU. Matokeo yalitoka mwaka 2008: walioambukizwa walikuwa 27 katika kundi la dawa, na 28 katika kundi la vidonge visivyo na dawa. Dawa haikusaidia. Lakini bila wanawake hao, fedha za umma zingeweza kutumika miaka mingi kununua kinga isiyokinga.

Mshiriki anaandikishwaje?

Kwanza, utafiti lazima uwe na kibali cha maadili kutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Jaribio la dawa au chanjo huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Pili, mtu huelezwa kwa lugha anayoielewa: lengo, muda, vipimo, madhara yanayoweza kutokea, na kwamba atapangwa kwa kura. Tatu, hupewa nafasi ya kuuliza na kwenda kushauriana nyumbani. Nne, akikubali huweka sahihi katika fomu ya ridhaa. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huridhia, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye. Ndipo hupimwa kuona kama anastahili, maana si kila anayejitokeza huchukuliwa.

Mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na bila kunyimwa huduma ya kawaida ya kituo chake. Anachopewa ni fidia ya nauli na muda wake. Siyo bei ya damu.

Kuhusu hofu ya damu, tusiidharau. Miaka ya 2000, watafiti walipokuwa wakiandaa majaribio ya kinga ya VVU kwa mama lishe na wahudumu wa baa jijini Mwanza, uvumi wa wizi wa damu ulijitokeza. Wanawake wenyewe walichagua wawakilishi, na maswali yakajibiwa katika vikao vyao. Kwa kawaida kipimo huhitaji kiasi cha vijiko vichache vya chai, wakati mchangia damu hospitalini hutoa takriban mililita 450. Mtu akiuliza damu yake itapelekwa wapi na itatunzwa muda gani, ana haki ya kujibiwa.

Nafasi ya usharika

Sauti ya kanisa ina uzito. Hili nalo limepimwa hapa kwetu. Katika vijiji 16 vya kanda hii, viongozi wa makanisa wa vijiji 8 walipewa semina kuhusu tohara ya wanaume wakati wa kampeni ya tohara. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika vijiji hivyo asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa, dhidi ya asilimia 29.5 katika vijiji vingine.

Tohara ilikuwa tayari imethibitishwa kupunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume, hivyo kuhimiza kulifaa. Jaribio la kitu ambacho bado hakijulikani ni jambo tofauti. Mchungaji au mzee wa kanisa akisema "jiandikisheni", mshirika anaweza kuona kwamba kukataa ni kulikaidi kanisa, na ridhaa yake haitakuwa huru tena. Hivyo basi, tangazo linalofaa ni lile linalowaalika watu kuja kusikiliza na kuuliza. Orodha ya waliokubali na waliokataa isipite mikononi mwa kamati.

Kabla ya kutangaza, kamati iwaulize watafiti maswali haya:

1. Kibali chenu kiko wapi, na kinaishia lini?
2. Kundi la kulinganisha litapata nini?
3. Mshiriki akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama ya nani?
4. Siri zake zitatunzwaje?
5. Matokeo yataletwa lini kwetu, na kwa Kiswahili?
6. Utafiti ukiisha na dawa ikaonekana inafaa, sisi tutaipata?

Wafadhili wetu tunawaomba walitazame kwa makini swali la mwisho. Chandarua kilichothibitishwa Misungwi hakimsaidii mtoto ambaye kijiji chake hakijakipata. Mchango unaofikisha kitu kilichothibitishwa hadi kisiwani na kijijini ni sehemu ya kulipa deni tulilo nalo kwa wale waliokubali kujaribiwa kwanza.