Dawa Imemtuliza, Sasa Mwili Unazidi

Mama mmoja wa Bujonde alitujia kliniki na mwanawe mgonjwa wa akili. Kabla ya dawa kijana huyo alikuwa halali, akisema peke yake usiku kucha. Alipoanza dawa alitulia, akala vizuri, na majirani wakasema, "Amenawiri!" Lakini unene haukukoma. Wenzake wakamcheka, naye akaacha dawa kimyakimya. Baada ya majuma machache ugonjwa ulirudi.

Ndugu wazazi, baadhi ya dawa za akili, hasa olanzapini na klozapini, na pia klopromazini, huongeza njaa. Nyingi huleta usingizi pia. Mgonjwa hula sana na kutembea kidogo. Huo si ulafi wala uvivu. Unene ukizidi huweza kuleta kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Hata hivyo, asiache dawa wala kuipunguza mwenyewe. Amweleze daktari, ambaye huenda akambadilishia.

Nyumbani tufanye haya:

Kwanza, chakula kiwe kimoja kwa wote. Tusimpimie yeye peke yake huku wengine wakijaza wali. Sote tupunguze wali na mafuta ya mawese, tuongeze mboga za majani, maharage na usipa.

Pili, baadhi ya dawa hizi hukausha kinywa. Kiu ikatwe kwa maji safi, siyo soda wala chai ya sukari nyingi.

Tatu, tusimfiche ndani kwa aibu. Aende nasi shambani na sokoni, na ndugu mmoja atembee naye kila siku.

Nne, kila anapofuata dawa apimwe uzito na shinikizo la damu, na aulizie kipimo cha sukari.

Je, inawezekana? Ndiyo. Huko Maryland, Marekani, watu 291 wenye magonjwa makali ya akili walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliosaidiwa kwa mafunzo ya chakula na mazoezi ya pamoja, baada ya miezi 18 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.2 zaidi ya wenzao.

Kijana wetu alirudia dawa. Sasa dada yake humwita kila asubuhi waende pamoja kwenye mpunga. Uzito umeshuka kidogo tu, lakini dawa hajaiacha tena. Kwetu sisi wauguzi, hilo la pili ndilo kubwa.